Sifa za Zege Lililongoja Barabara

Madaraja na barabara husifiwa kwa kazi ambayo zimeifanya. Makutano ya Cogswell, katika jiji la Halifax, mashariki mwa Kanada, yanastahili kusifiwa kwa kazi ambayo hayakuifanya, tena kwa nusu karne nzima bila kunung'unika. Yalikamilika karibu na mwaka 1970, yakiwa na madaraja, miteremko, nguzo na kuta nene, tayari kupokea magari ya kasi kutoka barabara kuu ya ufukweni iliyoitwa Harbour Drive. Harbour Drive haikujengwa. Mpishi ameshapika pilau la watu mia tano, harusi imevunjika, na masufuria yakabaki palepale uwanjani kwa miaka 50.

Wanaoyabeza wakumbuke kwanza ugumu wa kuyapata. Mwaka 1957 Gordon Stephenson, mtaalamu wa mipango miji kutoka Uingereza, aliandika ripoti iliyoshauri mitaa chakavu ya Halifax isafishwe. Eneo la mtaa wa Jacob, lililojaa nyumba, maduka na karakana, likavunjwa. Sehemu yake ikawa Scotia Square, jengo kubwa la maduka na ofisi, na upande wa kaskazini yakajengwa makutano. Wakazi wa wakati ule walihama ili kuyapisha magari ya wakati ujao, na wakati ujao haukutokea. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 jiji lilibomoa pia Africville, kijiji cha watu weusi kwenye ncha ya kaskazini, na halikuomba radhi hadi mwaka 2010. Hapo kejeli inakosa mahali pa kushika. Ni heri kurudi kwenye zege.

Zege la Cogswell lilikuwa na karama ya ualimu. Harbour Drive ingeendelea kusini kandokando ya bandari na kuyapitia maghala ya mawe ya karne ya 19, yale ambamo wafanyabiashara wa zama za meli za matanga walihifadhi shehena zao. Wananchi walipinga, mpango ukafa, na maghala yakakarabatiwa. Leo yanaitwa Historic Properties, na watalii hula samaki humo. Wapinzani walikuwa na hoja nyingi nzuri, lakini hakuna iliyoonekana waziwazi kama sampuli iliyokuwa ikijengwa hatua chache tu kutoka hapo. Jiji lililotaka kuwauzia watu barabara kuu liliwaonyesha kipande chake mapema mno.

Halafu kuna afya. Aliyetaka kutoka kaskazini mwa jiji kwenda katikati kwa miguu alipewa mazoezi ya bure: ashuke, azunguke ukuta, apite chini ya daraja, achungulie kona ambako dereva hakutarajia kumwona binadamu, kisha apande. Kati ya miteremko palikuwa na nyasi zisizo na njia ya kuzifikia. Bustani chache duniani zimelindwa dhidi ya wananchi kwa ufanisi wa namna hiyo.

Ukoo wa Cogswell ni mkubwa. Huko San Francisco, wapiga kura mwaka 1986 walikataa barabara ya juu ya Embarcadero ibomolewe, kwa hofu ya foleni. Tetemeko la Loma Prieta likaja mwaka 1989 bila kupiga kura, na kufikia 1991 nyundo zilikuwa kazini. Jiji la Milwaukee, pia Marekani, lilikuwa na Park East, kipande cha barabara kuu kilichokatishwa njiani kwa sababu ya upinzani. Kilivunjwa kati ya 2002 na 2003, mitaa ya kawaida ikarudishwa, na kwenye sehemu ya ardhi hiyo umesimama uwanja wa mpira wa kikapu uliofunguliwa mwaka 2018. Stockholm walikuwa na Slussen, makutano ya mwaka 1935 yaliyochorwa kwa mizunguko ya kupishana wakati Waswidi bado wakiendesha kushoto. Walipohamia kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, Slussen ilibadilika nao bila taabu. Hiyo ina sifa za kweli, kwa hiyo haifai kutajwa zaidi hapa.

Sifa kuu ya Cogswell, hata hivyo, ni ubahili. Kwa miaka 50 ilikalia hekta zipatazo 6.5 katikati ya jiji la bandari, mahali ambapo mwekezaji yeyote angechomeka mnara, na haikumwachia mtu hata kiwanja kimoja. Ardhi ilibaki mali ya umma kwa sababu hapakuwa na namna ya kuinunua ikiwa na madaraja mgongoni. Mwaka 2021 baraza la jiji lilipoidhinisha mkataba wa zaidi ya dola milioni 95 za Kanada wa kubomoa na kujenga upya, lilijikuta kama mrithi wa ajuza aliyeficha hela chini ya godoro: viwanja vitakavyopatikana vitauzwa, na mauzo hayo yanatarajiwa kurudisha gharama.

Mpango wenyewe hauna maajabu, na ndiyo raha yake. Mitaa inaunganishwa tena na mitaa, yenye taa, vivuko, njia za baiskeli, kituo cha mabasi na bustani ambamo mtu anaweza kuingia. Wakazi wapatao 2,500 wanatarajiwa kuhamia. Majengo yao yatapata joto kutokana na maji taka yaliyosafishwa kwenye mtambo wa jirani, kwa hiyo wanaHalifax wengi wataichangia Cogswell mpya kila wanapovuta maji chooni.