Sifa za Sare Isiyo na Meno

Pwani hii ya kusini ina wasifiaji wengi. Wamesifu korosho, wamesifu vinyago vya Kimakonde, na tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kutajwa redioni wamesifu hata kilicho chini ya ardhi ambacho hawajawahi kukiona. Sijasikia hata mmoja aliyesimama kulisifu shati jeupe la rubani wa ndege ya abiria, lenye mistari ya dhahabu mabegani, likiwa limeshuka kwenye ndege na linatembea kwa miguu katika mchanga wa Kitaya, kijijini kwetu. Likiwa angani halina haja ya mtetezi. Chini ndiko linakoonewa: linadhaniwa trafiki, linadhaniwa mlinzi wa benki, linaulizwa kivuko kinaondoka saa ngapi, linalaumiwa kwa nauli. Nimeamua kulisemea mimi, kwa kuwa ni mjomba wa mmoja wa wanaolivaa, na kwetu Wamakonde mjomba hasubiri kupewa ruhusa ya kusemea watoto wa dada yake.

Msifiwa hutajwa ukoo wake kwanza. Shati hili lina asili ya baharini. Marubani wa zamani walivaa koti la ngozi na miwani ya kuzuia upepo, wakashuka kwenye ndege na mafuta ya injini usoni, na mwenye fedha zake akiwatazama alikata shauri la kusafiri kwa meli. Miaka ya 1930 kampuni ya Pan American ya Marekani, iliyokuwa na ndege za kutua majini, ikawavika marubani wake kama maofisa wa meli: kofia ngumu, koti la rangi ya giza, mistari ya cheo. Tajiri akamwona nahodha aliyemzoea, moyo ukatulia, akapanda. Kampuni nyingine zikaiga, na dunia nzima ikaiga kampuni hizo. Sisi wa kusini hatukuchelewa kuona mambo hayo, kwani mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Durban zilikuwa zikitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kabla ya kuingia Msumbiji. Baadaye ikaja East African Airways, iliyoanza 1946 ikavunjika 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha shirika lake. Mashirika yamekufa na kuzaliwa, mistari mabegani imebaki: minne kwa kapteni, mitatu kwa msaidizi wake mkuu.

Sasa nitaje umbo lake, maana fahari yake yote imo humo. Shati limepigwa pasi, tai nyeusi, mabawa kifuani, kofia mkononi kwa sababu ya joto. Mpekue mvaaji wake kotekote: hana bunduki, hana pingu, hana filimbi, hana kitabu cha faini, hana muhuri. Kwa macho ni Serikali kamili. Kwa mamlaka, akishakuwa nje ya uzio wa uwanja wa ndege hana uwezo wa kumhamisha hata mbuzi aliyelala barabarani. Katika nchi yetu sijui sare nyingine yenye sura kubwa hivyo na nguvu ndogo hivyo, na hapo ndipo ninapojenga hoja yangu.

Kitaya tunazijua sare. Novemba 2018, bei ya korosho ilipoleta mgogoro, Rais Magufuli aliagiza jeshi lisimamie ununuzi kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya JWTZ yakaja Mtwara kubeba magunia. Oktoba 2020 kijiji chetu kilivamiwa na wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Tangu hapo mgeni akiingia tunamtazama mabega kabla ya uso. Agosti 2023 JWTZ likatoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na vijana waliokuwa wakitamba na suruali za mabakamabaka wakaonekana ghafla na kaptura za mpira. Ukiacha hao, wapo trafiki, uhamiaji, mgambo, bwana misitu. Kila sare inafika na swali lake mdomoni: leseni iko wapi, kitambulisho kiko wapi, kibali cha mkaa kiko wapi. Ya rubani ni ya pekee. Yenyewe haiulizi mtu kitu. Watu ndio wanaoiuliza.

Nitoe ushahidi. Mpwa wangu alipata taarifa ya msiba akiwa kazini usiku. Akaombewa ruhusa, akadandia ndege ya asubuhi kama abiria, akashuka Mtwara na sare yake, kwa kuwa ndani ya sanduku lake mlikuwa na kitu kimoja tu cha kubadilisha, nacho ni shati jingine jeupe. Uwanja wa Mtwara siku hizi una njia ya kurukia ya mita 2,800, umeongezwa kutoka mita 2,258, na mtu akitua pale anaweza kudhani safari yake imekwisha. Nje ya geti akachukua bodaboda. Njiani, bado hajafikia hata harufu ya mto, tairi la nyuma likapata pancha. Kijana wa bodaboda akaenda kutafuta wa kuziba, mpwa wangu akabaki kando ya barabara chini ya mkorosho, peke yake, mweupe kuanzia shingoni hadi kiunoni. Trafiki wetu nao huvaa nyeupe. Usalama barabarani ukaanza hapo hapo.

Pikipiki ya kwanza iliyotokea ilikuwa imepakia mshikaki, watu wanne na debe la mahindi. Ilisimama mbali, watu watatu wakashuka, wakapita mbele yake kwa miguu wakimsalimia kwa adabu, kisha wakapandana tena baada ya kona. Ya pili iligeuza kabisa. Ya tatu, dereva alinyakua helmeti iliyokuwa ikining'inia kwenye usukani, akaivaa kinyume. Halafu ikaja kirikuu iliyojaa magunia. Huyu hakungoja kusimamishwa. Alisimama mwenyewe, akashuka, akatoa leseni, na ndani ya leseni mlikuwa na noti iliyokunjwa kwa ustadi unaotokana na mazoezi. Mpwa wangu akaifungua, akaona, akairudisha leseni na noti yake ndani, akasema, "Hapana kaka, mimi ni rubani." Dereva akaelewa kuwa kiasi hakijatosha. Akaongeza noti ya pili.

Niambieni, ni kampeni gani ya usalama iliyowahi kufanya kazi kubwa namna hiyo bila semina, bila posho na bila fulana za bure?

Tendo la pili ni la adabu. Mzee mmoja mwenye baiskeli alishuka, akavua baraghashia, akasema, "Shikamoo afande." Mpwa wangu, aliyelelewa, akaruka: "Hapana babu, shikamoo." Mzee akaitikia marahaba haraka haraka, kisha akairudia ya kwake, maana hakutaka kuondoka akidaiwa na Serikali. Wakashikamooana hivyo mara kadhaa, kila mmoja akiinama zaidi ya mwenzake. Watu wanalia kwamba heshima imekwisha vijijini. Wanunue mashati meupe.

La tatu linahusu uraka, pombe ya mabibo. Ilikuwa msimu wa mabibo, na hapo jirani palikuwa na watu wenye uraka wao mpya. Mgeni kukataa kinywaji cha wenyeji ni tusi, na mtu wa kwao akikataa ni tusi maradufu: ataambiwa mji umemharibu. Shati lilimwokoa. Mashirika ya ndege hukataza mtu kuonekana anakunywa pombe akiwa ndani ya sare, na kanuni za anga za nchi nyingi zinataka zipite angalau saa nane kati ya glasi ya mwisho na usukani. Yeye akagusa bega tu, akasema, "Hii hairuhusu." Hakuna aliyenuna. Walilisikitikia shati, wakampa bibo.

Hapo kwenye bibo nakiri kwamba msifiwa wangu ana adui. Maji ya bibo yakidondoka kwenye nguo nyeupe hayaonekani kwanza. Yakikauka yanageuka doa la kahawia lisilosikia sabuni wala jiki. Mpwa wangu alilijua hilo tangu utotoni, akala ameinama mbele, miguu kando, tai imetupwa begani. Lakini watoto walikuwa wamemzunguka, wote na mabibo yao, na mmoja alitaka kujua kama ile mistari ni dhahabu ya kweli. Akaipapasa kwa vidole vyote vitano. Shati lile mpaka leo lina alama hiyo chini ya mstari wa tatu, na mimi huihesabu kuwa mstari wa nne, aliopewa na Kitaya kabla ya shirika lake.

Alipofika msibani, mambo yakawa makubwa. Kiti cha plastiki kilitolewa chini ya mwenyekiti wa kijiji, kikawekwa kati ya diwani na shehe, mpwa wangu akakalishwa hapo na chupa ya maji, wakati wenzake wa rika lake wako makaburini wanachimba. Akawa hajui aweke wapi kofia. Juu ya goti ilionekana kama anasubiri gwaride. Chini kuna mchanga. Kichwani ni kukosa adabu mbele ya maiti. Hatimaye diwani mwenyewe akampokea akamshikia. Nami, kama mjomba, nilimtazama mara moja, akainuka akaenda kushika jembe. Watu wakasema, "Mwone mheshimiwa, anachimba!" Wale wengine waliochimba tangu alfajiri hawakusemwa kitu. Aliporudi, mwandishi wa rambirambi alikuwa ameshafungua ukurasa mpya, ameandika "Kapteni", ameinua kalamu anangoja. Kijana ana mistari mitatu. Akatoa mchango wa mistari minne.

Lakini tendo kuu la shati hili lilikuja baada ya maziko, kwenye mkeka. Walianza wazee. Mmoja akaeleza viboko wanavyotoka mtoni usiku na kumaliza mpunga. Mama mmoja akaeleza habari za mamba pale wanapochotea maji. Akafuata mwenye malipo ya korosho yaliyochelewa, akafuata asiyepata mtandao mpaka apande kichuguu, akafuata mwenye nduguye Dar es Salaam aliyeshindwa kuja kuzika kwa sababu ya bei ya tiketi ya ndege. Hilo la mwisho walau lilikuwa karibu na kazi yake, ingawa rubani hapangi nauli kama dereva wa basi asivyopanga bei ya dizeli. Mpwa wangu alisikiliza yote. Aliitikia kwa kichwa, akauliza viboko ni wangapi, akauliza mpunga ulikuwa umefikia wapi. Hakumkatiza mtu, hakutazama saa, hakusema "hilo mlilete kwa maandishi." Walipoachana walikuwa wameridhika mno. "Yule ni kiongozi," mzee mmoja akaniambia. Matokeo yalikuwa yaleyale ambayo wangeyapata kwa mhusika mwenyewe, ila hapa hakuna aliyepanga foleni.

Wapo wanaolikashifu shati hili kwamba ni la majivuno. Sikatai kwamba kuna vijana wanaolivaa hadi dukani kununua vocha, wakijigeuza bega upande wenye watu. Lakini tazama adhabu wanayoipata: mteja wa kwanza kuingia anawakabidhi funguo za gari wamwangalizie. Sijui majivuno gani yanayoweza kudumu katika mazingira hayo. Na rubani mwanamke ndiye anayelijua vizuri zaidi. Amebeba mistari ileile, saa zilezile za kuruka, leseni ileile. Anapopita kati ya viti, abiria anamwomba maji na blanketi. Halafu abiria huyohuyo, akishuka, anamshukuru kijana wa kubeba mizigo kwa kutua vizuri, kwa kuwa kijana ana kizibao chenye mistari inayong'aa. Shati halina kosa hapo. Limemtazamisha mtu, naye ameonyesha alichokuwa nacho kichwani siku zote.

Kwa hiyo naomba lipewe haki yake huku chini, na haki yenyewe si kubwa. Ukikutana nalo barabarani, vaa helmeti, hata kama halina uwezo wa kukukamata. Kichwa ni chako. Shikamoo itolewe kwa umri, isihesabiwe kwa mistari. Usiliombe likurushe kidogo juu ya shamba lako, na ukisema "usituangushe", jua kwamba utani huo limeusikia kabla hujazaliwa. Msibani lipe jembe, na kwenye rambirambi liandikwe jina la baba yake kama watu wengine. Watoto wanawe mikono kwanza. Na kama una malalamiko kuhusu mamba, korosho, mtandao au nauli, kaa mkekani uyaseme yote mpaka mwisho, kwa sauti, bila kutazama nyuma. Sare nyingine utaitafuta uisemee hivyo, na ukiipata, kesho yake utaitwa ofisini.