Uzee Umesingiziwa

Msyuuu! Eti uzee ndio unaong'oa meno. Nani kawadanganya? Hapa kijiweni kwetu Tunduma, hatua chache kabla ya kuvuka kwenda Nakonde, yupo mzee wa Mbozi anayebadilisha kwacha. Mahindi ya kuchoma yaliyokomaa anayaguguna hadi gunzi linabaki jeupe. Pembeni yake dereva wa semi, umri wa mwanawe, anapukuchua punje kwa kidole gumba na kutafunia upande mmoja.

"Ukoo wenu mna meno magumu, mzee."

"Ukoo gani? Kaka yangu tumbo moja kabaki na manne!"

Sasa mwangalie huyo dereva akiwa foleni. Chupa ya enaji haimtoki mkononi: funda moja, anafunga kizibo, baada ya robo saa funda jingine. Vijidudu vya mdomoni vikipata sukari hutengeneza asidi, na mate huhitaji nusu saa na ushee kuituliza. Mate ya mtu huyu yatapumzika saa ngapi? Heri angeimaliza yote kwa mkupuo wakati wa kula.

Halafu sigara. Anajigamba fizi zake hazijawahi kutoa damu. Aka! Sigara hubana mishipa, damu haionekani, huku fizi zinaachana na jino taratibu na mwenyewe hana habari. Asiyevuta, walau mswaki humwonyesha wekundu. Ila huyo asiyevuta naye, akiona damu, badala ya kwenda kusafishwa ugaga, anaacha kupiga mswaki, eti asijitoneshe!

Mzee chai anakunywa, tena ya sukari ya kutosha, ila akishatua kikombe ndiyo basi hadi mlo mwingine. Mswaki wa usiku haukosi, kwa sababu ukilala mate hupungua. Ujanani alitumia kijiti, siku hizi dawa yenye floraidi. Juzi kamnyang'anya utingo soda aliyotaka kuifungua kwa meno: "We dogo, hicho ni kinywa au kifungulio?"

Na hospitali tunakwenda lini? Shavu likishavimba. Daktari akisema jino linazibika, tunamkatiza: "Ng'oa tu, nina mzigo wa Kapiri Mposhi." Likitoka, la jirani linaanza kulalia pengo, la juu halina mwenzake wa kusaga naye, chakula kinanasa, linaoza linalofuata. Dereva wetu kaketi kwenye kiti cha kung'olewa mara nne, na hamsini hajaifikia.