Sifa za Mbwa Arukiaye Kanzu

Mwanachuoni wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kueleza ubora wa mbwa juu ya wengi wa wavaao nguo, na ingawa hoja zake zilihusu uaminifu, hakuna mnyama anayestahili kurithi sifa hizo kuliko mbwa mchanga wa Mapinga, ambaye shughuli yake kuu ni hizo nguo zenyewe. Hufugwa ndani ya kuta za viwanja vilivyo kandokando ya barabara ya Bagamoyo, na watu waliohama kutoka Dar es Salaam wakitarajia kupata mlinzi, nao wakapata mpokea wageni. Geti likifunguliwa tu, humrukia mwenye nyumba kifuani kwa miguu iliyotoka matopeni, hasa wakati wa masika, kisha humtafuna kiganja kwa ung'ataji wa mchezo, yaani kuuma kusiko na hasira, kama watoto wa mbwa wanavyoumana wenyewe kwa wenyewe.

Usawa wake ni wa kupigiwa mfano. Forodha ya Sultani wa Zanzibar katika Bagamoyo ya karne ya 19 ilitoza ushuru kwa kutazama aina ya mzigo, bali huyu hatazami: suti ya mkurugenzi, baibui la mgeni na sare ya mtoto wa shule hulipa kiwango kimoja.

Dini nayo ina deni kwake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, isiyoondoka ila kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, hivyo mruko mmoja kabla ya sala ya Ijumaa humrudisha mwenye kanzu kwenye mlango wa tohara aliouacha madrasa. Wafuasi wa Imamu Malik wana rai nyepesi zaidi, lakini Mapinga si Moroko, na wahenga wa hapa walikwisha kuonya kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini.

Hata hivyo, fahari yake kubwa ni usikivu darasani. Mtoto wa mbwa humlamba mama yake mdomoni ili atapikiwe chakula, na kwa kuwa mdomo wa binadamu uko juu, hana budi kuruka. Mwenye nyumba anapofoka, akamsukuma kwa mikono yote miwili, na watoto wakakimbia wakipiga mayowe, mbwa huyahesabu yote hayo kuwa malipo, maana alichotaka ni kuangaliwa, kuguswa na kukimbizana. Somo moja tu humpita, nalo si kwa kosa lake: kupima nguvu ya taya hufundishwa na ndugu zake, ambao hulia na kuacha mchezo wakiumwa sana, na anayeuzwa kabla ya kutimiza wiki 8 huondoka somo likiwa halijakolea. Meno yake 28 ya utotoni ni makali kama sindano, na kufikia takribani miezi 7 huwa yamepisha meno 42 ya ukubwani, ambayo utani wake ni mzito zaidi.

Hapa sifa zinyamaze kidogo, kwa sababu kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na mate hayo huweza kubeba virusi siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Mbwa achanjwe, na anayekwaruzwa na jino la asiyechanjwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

Wapo mahasidi wanaotaka kumfilisi. Wao huagiza kwamba arukapo ageuziwe mgongo, mikono ikunjwe, asitazamwe wala kusemeshwa mpaka miguu minne iguse chini, ndipo apapaswe kwa utulivu. Na aumapo, mchezo ukome papo hapo, kisha apewe kitu chake cha kutafuna. Ukatili huo, kwa bahati mbaya, hufaulu, mradi nyumba nzima ikubaliane. Lakini mbwa anayelipwa mara mojamoja huruka kwa bidii kuliko anayelipwa kila siku, na hapo ndipo anapookolewa na mjomba wa Jumapili, ambaye hushuka kwenye bodaboda, hufungua mikono yake getini na kuwaambia wote kwa sauti kubwa: "Mwacheni, mimi naye tunapendana."