Mwongozo wa Kulea Mtoto kwa Bei Chee

Likizo ya uzazi inaelekea ukingoni. Sheria za Tanzania zimempa mama siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na baba siku tatu za kupokea pongezi. Ofisi inakuita na mtoto hata kukaa hajaweza. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: anza na bibi. Bibi ni bure. Mtumie nauli tu, na uweke kando ya kurudia, maana haji bila ahadi ya kurudi. Halafu dawa za presha. Halafu mchango wake wa kikoba, ambao hausimami eti kwa sababu mjukuu amezaliwa. Halafu kibarua wa kumpalilia mahindi huko alikotoka. Ukijumlisha utakuta bure hiyo inakaribia mshahara wa mtu. Tena huyu hakaripiwi: ukithubutu, atawasimulia wageni ulivyokuwa ukikojoa kitandani hadi darasa la tatu.

Hatua ya pili: jaribu dei kea. Hakikisha imesajiliwa, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka. Lipa ada, sare, pampasi, na rimu moja ya karatasi. Mtoto wa miezi minne anaandika nini, usiulize. Akipata mafua atabaki nyumbani hadi apone, lakini ada haiugui. Jioni kituo kinafunga wakati wewe umenasa kwenye foleni ya Ubungo. Lipia bodaboda ikuwahishe kwenda kulipa faini ya kuchelewa.

Hatua ya tatu: sasa umeiva kwa dada wa kazi. Mwagize Iringa au Singida kupitia mtu anayemjua mtu, na huyo mtu umpe ya soda. Kuhusu mshahara, wewe ni mtii wa sheria. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa anayekwenda kulala kwake, na 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. Tandika godoro chumba cha watoto. Kwa viwango hivyo vya 2023, tayari umeokoa 60,000, na godoro hilo litakulipa kila mwezi kama mpangaji asiyesumbua.

Hatua ya nne: usipige hesabu ya saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hayo unayajua vizuri, maana huwa unamkumbusha bosi wako. Dada naye anaamka saa kumi na moja alfajiri kukuchemshia maji ya kuoga, na anajinyoosha saa nne usiku, mtoto akikubali. Hizo ni saa 17. Kwa siku 30 ni saa 510. Gawanya 60,000 kwa saa hizo, unapata kama shilingi 118 kwa saa, ambazo hazifiki nusu ya nauli ya daladala. Si nilikwambia usipige?

Hatua ya tano: lalamika. Mwambie jirani kwamba dada anakula sana na sukari haikai. Kikombe alichovunja kikate kwenye mshahara. Mshahara wenyewe mtunzie, asije akauchezea. Ukishamtunzia miezi mitatu, shangaa sana siku atakapoondoka alfajiri bila kuaga, nawe una kikao saa mbili asubuhi. Siku hiyo hutakwenda kazini, na ofisi itakukata mshahara wa siku moja. Pesa hiyo usiilinganishe na aliyokuwa akipata yeye kwa mwezi mzima. Utaharibu hamu ya chai, ambayo leo inabidi uipike mwenyewe.

Hatua ya sita: weka tangazo kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. "Natafuta dada wa kazi haraka sana. Awe mwaminifu, msafi, mpole, apende watoto kama wake, asiwe na mambo ya simu. Mshahara maelewano." Atakayeuliza maelewano hayo ni shilingi ngapi, mpite. Huyo ameshaanza kuwa na mambo mengi.