Nani Amekula Kumbukumbu?

Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa hapa Rongai ni mzee anayesoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa mandazi. Basi kompyuta ya ofisi ilipokwama siku ya kuandaa malipo, ikaacha ujumbe wa Kizungu kwamba nafasi imejaa na mchezo umekwisha, mzee alishika neno moja tu.

"Kijana," akaniuliza, "ni nani amekuwa akicheza gemu kwa mashine ya wakulima?"

Hakukuwa na gemu. Programu ya ushirika imeandikwa kwa Lisp, lugha aliyoianzisha John McCarthy kule MIT, Marekani, mwaka 1958, na kompaila yake ni SBCL. Ndivyo SBCL inavyoaga dunia: kumbukumbu iliyotengewa ikijaa na mzoa taka wake, yaani sehemu inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena, akikosa hata pa kugeukia, inatangaza kwamba mchezo umekwisha. Nilimweleza mzee hayo yote kwa utaratibu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa. Mtafute huyo mchezaji."

Kijana aliyeiandika programu hiyo alishahamia Nairobi, na simu zetu huzijibu kwa kuzima simu.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya pesa: kuongeza RAM ili tuitengee SBCL kumbukumbu zaidi. Nikaagiza kipande kutoka Nairobi, nikaandika wazi "Rongai, Nakuru". Mtumaji akasoma neno la kwanza akaridhika. Kipande kikafika Rongai salama salimini, siku hiyo hiyo, ila ni Ongata Rongai ya Kajiado. Sisi wa Rongai ya mahindi, mkonge na kituo cha reli, tulio zaidi ya kilomita 150 kutoka huko, tumezoea. Kuna watu wamealikwa harusi kwetu wakaishia kula wali wa watu wasiowajua kule Kajiado.

Nikabaki na dawa ya maskini, yaani kuchunguza ni fankisheni gani inayokula. SBCL ina vyombo viwili vya kazi hiyo, viitwavyo profaila. Cha kwanza huzingira kila fankisheni uliyoitaja, kikaandika imeitwa mara ngapi na imeomba baiti ngapi. Cha pili hakihesabu kila baiti. Huchungulia mara kwa mara programu inapoomba kumbukumbu, kikaandika nani alikuwa kazini, halafu kinakupangia majina kuanzia mlafi mkubwa. Mwisho wa jedwali huwa kuna mstari wa "kwingineko". Aliyewahi kusoma ripoti za matumizi ya fedha za umma hatashangaa kuuona.

Nilipoanza na hicho cha pili, upepo ukavuma na stima ikapotea. Betri ya laptopu ya ofisi ni pambo tu. Iliporudi nikaanza upya, mzee akiwa ameketi karibu yangu na mshukiwa wake tayari: jumlisha-maziwa, kwa sababu ndiyo fankisheni ndefu kuliko zote. "Mwenye tumbo kubwa ndiye mlaji," akasema.

Ripoti ikamsafisha mwenye tumbo. Kati ya fankisheni zetu wenyewe, aliyekaa juu alikuwa panga-wakulima, wa mistari mitatu, ambaye kazi yake ni kupanga majina kwa alfabeti. Niliisoma ile mistari mitatu nikitafuta mahali pa kuficha hata punje. Hapakuwepo.

Hapa ndipo kompaila hugeuka mshirika wa mwizi. Ndani ya panga-wakulima inaitwa fankisheni nyingine ndogo, safisha-jina, na kijana wetu alikuwa ameagiza imezwe ndani ya yeyote anayeiita ili programu iende kasi. Ikishamezwa haina jina tena kwenye jedwali. Pale Salgaa, turniboi hula chapati na madondo, na deni likaandikwa kwenye daftari la hoteli kwa jina la dereva wa lori; ndivyo ilivyokuwa hapa. Nikaliondoa agizo la kumeza, nikaipitisha programu kwa kompaila upya, nikapima tena. Turniboi akatokea na jina lake kamili.

Alichokuwa akifanya ni hiki. Anapokea "  cherono ", anakata nafasi za pembeni: nakala mpya. Anageuza herufi kuwa kubwa: nakala nyingine. Kisha anachomeka jina lile chafu na lile safi kwenye orodha ya ukaguzi. Ndani ya SBCL kila herufi ya maandishi ya kawaida huchukua baiti 4, kwa hiyo jina la herufi 20 ni baiti 80 kabla hujahesabu kichwa chake, na kila kiungo cha orodha ni baiti 16. Peremende tu. Lakini kupanga majina 1,000 huhitaji ulinganisho karibu 10,000, kila ulinganisho ulisafisha majina mawili, na orodha ya wakulima ilipangwa upya kila mkulima mmoja alipopimiwa maziwa.

Nakala hizo mzoa taka angezimudu, kama zingeachwa. Profaila hukuonyesha aliyeomba kumbukumbu. Anayekatalia nayo inabidi umtafute mwenyewe. Ile orodha ya ukaguzi ilizishika zote kwa mikono miwili. Nikamuuliza mama katibu ni nani huisoma. Akasema hajui kama ipo. Nikamgeukia mwenyekiti. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, palikuwa na kitu ambacho hakuwa amekisoma.

Sasa jina husafishwa mara moja tu, mkulima anaposajiliwa, na ukaguzi unaandikwa kwenye faili. Malipo ya mwezi uliofuata yalichapwa kwa RAM ile ile ya zamani kabla chai ya ofisi haijapoa. Mstari wa "kwingineko" bado upo kwenye ripoti, na maadamu wakulima wamelipwa, sina mpango wa kuufuata.