Ncha Ndani ya Maharage

Mama humenya ndizi akivutia kisu kwake. Makali yaliyopinda hufuata mgongo wa ndizi, dole gumba likiongoza, na ganda huanguka likiwa refu. Kwa kisu kilichonyooka, nusu ya ndizi huondoka na ganda. Ndiyo maana kisu chake cha zamani kilipokatikia shingoni, nyumba nzima hapa Kanoni ilishikwa na wasiwasi.

Kaka akasema atakitengeneza kingine mwenyewe. Alipata kipande cha springi ya gari, akawasha mkaa, mdogo wetu akavukuta kwa pampu ya baiskeli. Chuma kilipoiva kikawa chekundu, akakifua juu ya jiwe hadi kikakubali kupinda. Mwisho akakitia tena motoni, akakizamisha kwenye ndoo ya maji baridi.

Siku ya kwanza tu, Mama akimenyea juu ya sufuria ya maharage, kisu kiligonga ukingo, ncha ikaruka. Baba akapiga marufuku kuonja. Tuliyamwaga maharage kwenye beseni, tukapekua punje kwa punje kwa mwanga wa simu, shangazi akiwafukuza watoto wenye njaa. Ncha ilikutwa imezama ndani ya kipande cha ndizi.

Mhunzi tuliyempelekea alikigeuzageuza kile kisu. Chuma cha springi, alieleza, kikizimwa kwa maji hukakamaa mno. Afadhali mafuta, kisha kipashwe taratibu hadi kishike rangi ya majani makavu. Halafu akamgeukia Mama: “Mama, mpini huu ulipimwa kwa mkono wako?”

“Hapana, mwanangu.”

Hilo lilimuuma kaka kuliko ile ncha. Nami liliniuma, maana hii ni Karagwe: mpelelezi Stanley alipomtembelea mfalme wetu, Mukama Rumanyika, mwaka 1876, miongoni mwa hazina za ikulu alikuta miundu ya chuma, akasifu ufundi wake. Nchi yenye wahunzi wa namna ile haistahili kumenya ndizi kwa visu vya bati vya gulioni.

Kaka alikirudia kisu kilekile, kifupi kidogo sasa. Mpini aliuchonga kwa mti wa mpera, na kila baada ya kuparua kidogo alimpa Mama aushike. Sasa anafua cha shangazi, ambaye humenya kwa mkono wa kushoto. Hicho kitanolewa upande wa pili.