Hotuba ya Kumsifu Baridi wa Molo

Nasimama mbele yenu nikiwa na soksi jozi mbili, sweta, koti la mtumba na kofia ya marvin, kumsifu mkazi ambaye hajawahi kualikwa jukwaani hata siku moja. Kila mwaka, Juni hadi Agosti, anaingia Molo bila kupiga hodi, analala katika kila nyumba, anamaliza kuni za kila mtu, na akiondoka hakuna anayemsindikiza. Namzungumzia Baridi, pamoja na mdogo wake, Ukungu.

Mtu wa heshima huanza kusifiwa kwa ukoo wake. Baridi wetu ni wa ukoo wa juu, na hayo si majivuno. Mji wa Nakuru, hapa Kenya, uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari; Molo, mwendo wa kilomita 50 hivi, uko karibu mita 2,500. Hewa hupungukiwa na nyuzi 6 hivi za joto kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo abiria aliyetoka Nakuru na shati la mikono mifupi hushuka steji ya Molo akiwa amejikunyata. Kando yetu kuna Msitu wa Mau, na huko magharibi Ziwa Victoria linatutumia mawingu ya alasiri, mengine yakiwa na mvua ya mawe. Ikweta nayo inapita kilomita 30 hivi kaskazini mwetu. Shuleni tulifundishwa kwamba ikweta ni mahali pa joto. Aliyeandika somo hilo hakulala Molo mwezi wa Julai.

Nije kwenye tabia zake. Kwanza, anashika wakati. Wageni rasmi tunaowajua hufika saa tatu baada ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, na wengine hutuma mwakilishi. Baridi huja mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, mama muuza maziwa akifungua mlango, Baridi amekwisha kufika na amekwisha kukaa.

Pili, hana ubaguzi. Mdomo wa mwenye gari kubwa na mdomo wa kijana wa bodaboda hutoa mvuke uleule asubuhi. Mji huu umeona watu wakifukuzwa kwao kwa sababu ya kabila, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Waliolala kwenye mahema usiku wa Molo wanajua kwamba Baridi hakumwuliza mtu lugha ya mama yake. Aliwaumiza wote sawasawa, na kwa rekodi ya mahali hapa, hiyo ni haki ambayo viongozi wetu hawajawahi kuifikia.

Tatu, ni mwajiri. Nani angenunua gambuti kama si yeye? Nani angeketi kibandani kwa mama wa chai akaagiza kikombe cha tatu, na mandazi juu yake? Makoti mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya Novemba ya Ulaya, yaliyokwisha kuchakaa na kutupwa huko, yanafika soko la mtumba la Molo na kupata ajira mpya karibu na ikweta. Kondoo wetu wanavaa sufu nene kwa amri yake, na nyama ya kondoo wa Molo imeliwa kwa sifa hotelini Nairobi na watu wasiojua tope la malisho yake. Muuza makaa, fundi wa majiko na mchuuzi wa supu wangepaswa kumchangia harambee.

Nne, ni daktari. Kimelea kikali cha malaria hushindwa kukomaa ndani ya mbu hewa inaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, na Molo ya Julai inaivuka alama hiyo bila jasho. Mbu anayejitokeza huku usiku wa ukungu ana matatizo yake binafsi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kazi yake kubwa, kazi iliyoufanya mji huu ujulikane duniani. Watu wa Kakamega walikuwa na dhahabu yao ya miaka ya 1930. Mgodi wetu ulikuwa ua jeupe lenye moyo wa njano: pareto. Mbegu zake zililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, asili yake ikiwa Dalmatia, kwenye pwani ya bahari ya Adriatic. Na ua hilo lina sharti moja tu lisilojadiliwa: bila majuma kadhaa ya baridi halifanyi matumba. Lipande bondeni kwenye joto, litakupa majani mazuri na aibu. Ardhi ilikuwapo kwingi, mikono pia. Malighafi iliyokuwa adimu ilikuwa Baridi, na sisi tulipewa bure.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika, Japani iliyokuwa ikiongoza kwa pareto ikawa adui wa Uingereza, na Kenya ikachukua nafasi yake. Dawa iliyotoka kwenye maua ya nyanda hizi iliwaua chawa na mbu wa majeshi ya mbali. Baadaye, kwa miongo kadhaa, pareto nyingi ya dunia ilitoka hapa Kenya. Tazameni ucheshi wa jambo hilo: Molo, ambako mbu hawezi kuishi kwa raha, ndiko kulikoilisha dunia sumu ya mbu. Akina mama walichuma maua kwa vidole vilivyokufa ganzi, yakakaushwa, yakapelekwa kiwandani Nakuru, na karo ya shule ikalipwa.

Kisha mgodi ukafungwa. Wakulima walipeleka maua wakasubiri pesa, wakasubiri tena, na katika miaka ya 2000 wengi waling'oa pareto na kupanda waru, yaani viazi. Tasmania, kisiwa cha Australia, kikachukua soko. Mwaka 2013 Bunge likapitisha Sheria ya Pareto na bodi ya zamani ya pareto ikageuzwa kuwa kampuni. Tangu hapo neno «kufufua» limetamkwa kwenye mikutano mingi, mingine ikiwa na chai na soda.

Sasa nawauliza wapinzani wa Baridi, wale mnaomlaumu kwa kila kitu hadi nguo zisizokauka: katika kuanguka kwa pareto, yeye alikosa nini? Je, alichelewesha malipo? Alipoteza faili? Kuna Julai yoyote aliyokosa kuja kazini? Hata waru zilizochukua nafasi ya pareto anazihudumia. Ni kweli, ukungu wake unaleta blaiti, ugonjwa uleule ulioiletea Ireland njaa kubwa kuanzia mwaka 1845, na mkulima hubeba bomba la dawa mgongoni kila wiki. Lakini vidukari vinavyosambaza virusi vya viazi havipendi baridi, na ndiyo sababu Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, huzalisha mbegu safi za viazi hapa Molo. Kwa mkono mmoja anaharibu shamba, kwa mkono wa pili analinda mbegu. Wako wanasiasa wenye mkono wa kwanza tu.

Mniruhusu nivue kofia kidogo. Kuna mambo mawili sitamsifu kwayo. Jiko la makaa likiingizwa chumbani usiku, milango na madirisha yakafungwa, gesi yake haina harufu na aliyelala haamki. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama mifupa inalalamika. Na ukungu wa barabara kuu kati ya Salgaa na Mau Summit umefunika malori mengi mbele ya macho ya madereva. Hapo hakuna mzaha wa kusaidia. Punguza mwendo, washa taa.

Narudisha kofia, kwa sababu masikio yameanza kupoteza hisia, na namalizia na pendekezo. Wenye ofisi waache kuja kwetu mwezi wa Januari, jua likiwaka, kutuahidi miche ya pareto. Waje Julai, saa moja asubuhi, wasimame uwanjani bila hema, wasome hotuba zao kurasa zote. Wakimaliza, wawalipe wakulima papo hapo. Baridi ametimiza upande wake wa mkataba kila mwaka, bila mshahara na bila likizo. Upande ambao haujatimizwa ni ule wenye ofisi za joto.